Tangawizi na Ndimu Zilivyopanda Kilima cha Nyarutarama

Nyumba niliyofikia Nyarutarama, mjini Kigali, imekaa upande wa kilima unaotazama ziwa dogo na uwanja wa gofu, na jikoni mwake, juu ya meza ya mawe, palikuwa na chungu cha umeme, kizito, cha udongo uliochomwa na kung'arishwa ndani, kilichovikwa bati kwa nje na kufunikwa kifuniko cha kioo, ambacho bibi mwenye nyumba alikiwasha saa nne za asubuhi kwa ajili ya kitu kitakacholiwa alasiri. Kitu chenyewe kilikuwa pudini. Alikuwa amekwisha kukwangua maganda ya machungwa mawili na ndimu tatu, na kuparuza kipande cha tangawizi mbichi kiasi cha kidole gumba; akapiga siagi na sukari kwa mwiko hata zikageuka rangi, akatia mayai moja moja, kisha unga wa ngano na beking pauda, akamimina vyote katika bakuli lililopakwa siagi, akalifunika karatasi yenye upindo katikati, akalifunga uzi shingoni, na kulikalisha ndani ya chungu, maji ya moto yakifika nusu ya kimo chake. Nilimwuliza upindo ule wa karatasi ni wa nini.

"Ni wa kupumulia, Mzee," akasema. "Pudini ikiumuka isipate nafasi hupasua karatasi, maji yakaingia."

Nikamwuliza alijifunza wapi, akaniambia ni Uganda, shuleni, zamani za ukimbizi. Nikamwuliza inaitwaje kwa Kinyarwanda, akacheka, akasema haina jina.

Jambo hilo lilinikaa moyoni, kwa kuwa kitu kisicho na jina katika lugha ya nyumba kinamopikwa aghalabu ni mgeni wa juzi, ilhali viungo vya pudini ile, ukivitaja kimoja kimoja, vyote vina majina katika Kinyarwanda, na majina yenyewe sikioni mwa mtu wa pwani yanalia kama sauti ya jamaa aliyepotea siku nyingi. Ndimu wao huiita indimu. Chungwa ni icunga. Sukari ni isukari. Sahani ni isahani. Sufuria ni isafuriya. Na tangawizi, bila kubadilishwa hata herufi moja, ni tangawizi. Tarehe ya falme za Rwanda imehifadhiwa na wasimulizi wa ikulu, kisha ikaandikwa na mapadri na wanazuoni, lakini tarehe ya jiko haikupata mwandishi, na mtu anayetaka kuisoma hana budi kuitafuta katika maneno hayo, ambayo waliyaacha nyuma yao watu wasiohesabiwa: wapishi, wapagazi, wachuuzi, wake wa askari, na baada yao wakimbizi.

Tuanzie pwani, ambako ndimu na tangawizi zilikutana kinywani zamani sana. Ibn Battuta, mtu wa Tanja, alipoteremka Mogadishu mwaka 1331 na kukirimiwa na sultani wa mji ule, aliandika habari za chakula kwa uangalifu ambao wasafiri wengi huuweka kwa ajili ya ngome na majeshi. Aliletewa wali uliopikwa kwa samli, na mchuzi wa kuku na nyama na samaki, na ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa. Kisha, katika chombo cha peke yake, maziwa ya mgando pamoja na ndimu za kutiwa chumvi na siki, pilipili za achari, tangawizi mbichi na maembe, na akaeleza kwamba mtu akisha kula tonge la wali hufuatisha kitu cha chachu katika hivyo. Alipofika Mombasa aliona migomba, na milimau, na aina ya limau kubwa lenye ganda nene ambalo Waarabu huliita utrujj. Miaka 167 baadaye, mwezi wa Aprili 1498, Vasco da Gama alitia nanga nje ya mji ule ule wa Mombasa, na mfalme wake, ingawa pande mbili zilikuwa zikitazamana kwa jicho la shaka, alipeleka merikebuni kondoo, machungwa mengi, ndimu na miwa. Mwanzo wa mwaka 1499 Wareno walipokuwa wakirudi kutoka Bara Hindi, ufizi umewavimba na wengi wamekwisha kufa njiani, machungwa ndiyo wagonjwa waliyoyatamani walipofika Malindi.

Haya nayataja kwa sababu nimesikia watu wazima wakisema kwamba mapishi ya namna hii ni ya kizungu tangu unyayo hata utosi. Unga wa ngano uliofungwa bakulini, naam. Lakini harufu iliyotoka katika kile chungu cha Nyarutarama, ile ya ganda la ndimu na ya mzizi mkali, watu wa Mogadishu waliijua miaka 166 kabla da Gama hajaizunguka Rasi ya Tumaini Jema. Tofauti iko mahali pamoja tu, nayo si ndogo: mzee wa pwani alipotaka kuitunza ndimu aliitia chumvi yote nzima, maji yake na ganda lake, hata ganda likalainika, ilhali mpishi wa pudini huyaacha maji yasubiri na kuchukua ile ngozi ya juu tu, nyembamba kama karatasi, kwa kuwa mafuta yenye harufu yamo katika vitone vya ngozi ile, na weupe ulio chini yake ni mchungu mtupu.

Ilinipasa kwanza nijifunze ndimu ni ipi. Kwetu ndimu ni ile ndogo ya mviringo, yenye ganda jembamba, na limau ni kubwa, lenye ganda la mabonde. Kigali, indimu ni zote mbili, nami nilipotumwa sokoni Kimironko na kuulizia limau nilitazamwa kama mtu anayeomba dawa. Machungwa niliyonunua yalikuwa ya kijani kwa nje, kama yale ya Muheza, na ndani yameiva kabisa, maana ganda la chungwa huvaa manjano pale tu usiku unapokuwa wa baridi, na mnunuzi anayengojea rangi katika nchi za joto atangoja sana.

Turudi kwenye tarehe. Bidhaa za pwani zilifika mpakani mwa Rwanda mapema kuliko watu wa pwani walivyofika ndani yake. Katikati ya karne ya kumi na tisa wafanyabiashara wa Kiarabu na Kiswahili walikuwa na kituo chao Kafuro, katika Karagwe, nchi ya Mtemi Rumanika ambamo msafiri wa Kiingereza, Speke, aliingia mwaka 1861, na kutoka Kafuro hadi mto Akagera si safari ya kumtisha mpagazi. Hata hivyo wafalme wa Rwanda, na hasa Kigeri Rwabugiri, hawakuruhusu misafara ikaketi ndani ya nchi. Nguo na shanga zilipenya kwa mikono ya watu wa mpakani, lakini mpishi na sufuria yake hawakupenya. Mwaka 1894 msafiri wa Kijerumani, von Götzen, alipovuka kutoka mashariki hadi magharibi na kukutana na Rwabugiri, yamkini wapagazi wake na askari wake ndio kundi kubwa la kwanza la wasema Kiswahili kupiga kambi na kupika katikati ya nchi ile. Kisha mwaka 1907 Richard Kandt, tabibu wa Kijerumani aliyekuja miaka kumi nyuma kuitafuta asili ya Nile, akasimamisha kituo chake Kigali, na nyuma ya kituo wakaja wenye maduka kutoka Hindi na Arabuni, na askari kutoka pwani, na wake zao, na watumishi. Msikiti wa al-Fatah ulijengwa Nyamirambo mwaka 1913. Wabelgiji walipoitwaa nchi mwaka 1916 hawakupendezwa na kaumu hii, wakaikusanya Biryogo katika mtaa ulioitwa Kambi ya Waswahili; na kama ilivyo desturi ya watu waliozuiliwa mahali pamoja, wakazi wake walitia nguvu katika yale wasiyoweza kunyang'anywa, miongoni mwayo chakula. Mandazi, sambusa, chapati na pilau vilitoka Biryogo, vikaenea mjini vikiwa na majina yake.

Hapa pana jambo linalostahili kusimamiwa. Katika Rwanda ya kale watu wa heshima walijifaharisha kwa vinywaji: maziwa kwanza, kisha pombe ya ndizi na ya asali. Chakula kigumu kilikuwa shughuli ya ndani, mlango umefungwa, na kumtazama mkubwa akitafuna kulihesabiwa utovu wa adabu. Jiko la Kiswahili, lenye tonge na sinia na wageni waliozunguka sinia, lisingepata njia nyepesi ya kuingia katika nyumba za namna hiyo. Rai yangu ni kwamba tangawizi iliingia kwa sababu ilipanda maziwa. Ile chai ya maziwa matupu, yenye tangawizi ya kukuchoma kooni, ambayo mikahawa ya Kigali leo huiita chai ya Kiafrika, ni kiungo cha pwani kilichovishwa kanzu ya nchi: mnywaji anakunywa maziwa, kama babu yake alivyokunywa, na ugeni unapita humo humo bila kuombewa ruhusa. Wapishi wa chai wanajua siri yake, kwamba tangawizi mbichi ikitiwa katika maziwa vuguvugu huyakata, yakawa mabonge, kwa sababu mzizi ule una kitu kinachoyeyusha protini; kwa hiyo huanza kuichemsha katika maji peke yake, mpaka nguvu hiyo imekufa, ndipo maziwa yakafuata. Pudini haina khofu hiyo, maana haina maziwa, na moto wa polepole hufanya kazi nyingine kwa tangawizi: ule ukali unaochoma hugeuka ukawa utamu wenye joto. Mwenyeji wangu hakubali tangawizi kavu ya unga, ambayo kwa kukaushwa huzidi kuwa kali, akisema inapiga kelele.

Ama ufundi wa mvuke, huo una nasaba zaidi ya moja, nami nitazitaja bila kudai kwamba nimezimaliza. Pwani tunao mkate wa kumimina, wa mchele uliorowekwa na kusagwa kwa tui, ukatiwa hamira, sukari na hiliki, ukaachwa uumuke, kisha ukamiminwa katika sufuria yenye samli na kupaliwa makaa, machache chini na mengi juu ya kifuniko. Huo si mvuke halisi, kwani juu yake hukauka na kushika wekundu. Lakini hikima ya kuifunga harara ndani ya chombo, na ya kumkataza kila mtu asifunue kabla ya wakati, ni ile ile. Buganda mvuke ni mfalme. Ndizi zilizomenywa hufungwa ndani ya majani ya mgomba, zikawekwa juu ya vikonyo vya majani hayo sufuriani ili zisiguse maji, zikafunikwa majani mengine tabaka juu ya tabaka, zikaachwa kwa saa kadhaa juu ya moto mdogo. Na luwombo, nyama au kuku au karanga ndani ya jani changa lililobabuliwa motoni lisipasuke, husimuliwa kwamba ulibuniwa mwaka 1887 na mpishi wa Kabaka Mwanga aliyejulikana kwa jina la Kawuuta. Mtu aliyelelewa katika jiko la namna hii, akipewa bakuli, karatasi na uzi, hafundishwi jambo jipya, anabadilishiwa chombo.

Bakuli, karatasi na uzi vilikuja na Waingereza, ambao tangu karne ya kumi na saba walikuwa wakichemsha pudini zao katika vitambaa vilivyotiwa unga, na baadaye wakapendelea bakuli la udongo. Walipokuja kukaa katika nchi zetu walitaka pudini hiyo hiyo, na kwa kuwa wao wenyewe hawakuipika, iliwapasa kumweleza mpishi. Mwaka 1928 akina mama wa kanisa la St Andrew's, Nairobi, walitoa kitabu cha mapishi kwa ajili ya walowezi, na ndani yake waliweka maneno ya Kiswahili ya kumwamrisha mtumishi. Kiswahili hicho ni cha kuamrisha tu, kikavu, na msomaji wa lugha hii hakipitii bila kuona uchungu kidogo. Lakini kwa njia hiyo, na kwa njia ya masomo ya upishi katika shule za wasichana, pudini ilitoka katika nyumba za wakubwa, ikawa mtihani wa mwanafunzi.

Mwaka 1959 vurugu zilipoanza Rwanda, watu kwa maelfu walivuka kwenda Uganda, Burundi, Kongo na Tanganyika. Wengi wa waliokwenda Uganda walikaa kambini, Nakivale na kwingineko, na watoto waliopata bahati ya shule walisoma kwa Kiingereza na kula kwa majani ya mgomba. Mwenyeji wangu ni mmoja wao. Walirudi baada ya mauaji ya kimbari ya mwaka 1994, wakiwa na lugha na ladha za nchi nne, na mji ukawapokea ukiwa nusu mtupu na umejaa misiba. Nyarutarama, iliyokuwa mashamba na malisho pembeni mwa mji, ilianza kujengwa majumba makubwa kuanzia miaka ya mwisho ya 1990, yakapata wakazi wenye vyeo, wenye biashara na wageni wa mashirika. Bondeni palibaki mitaa ya Kangondo na Kibiraro, ambayo watu waliiita kwa jumla Bannyahe, ya nyumba za udongo zilizobanana chini ya kuta za jirani zao, mpaka mwaka 2022 wakazi wake wa mwisho walipohamishwa, wengi wao kwenda Busanza, baada ya mashtaka na mabishano ya miaka. Nilipopita niliona nyasi. Wafanyakazi wengi wa majikoni ya juu walikuwa wakilala huko chini, na yamkini mikono iliyoparuza tangawizi nyingi za kilima hiki ilikuwa ya huko.

Khabari za chungu chenyewe ni fupi. Alikibuni Irving Naxon, Mmarekani wa Kiyahudi, akapewa hataza yake mwaka 1940, baada ya kusimuliwa na mama yake juu ya mchuzi wa maharagwe na nyama uliopikwa Lithuania: siku ya Ijumaa kabla ya jua kuzama vyungu vilipelekwa kwa mwoka mikate, vikakaa usiku kucha katika tanuri linalopoa, kwa kuwa sheria ya Sabato haikuruhusu kuwasha moto. Kampuni ya Rival iliununua ubunifu huo mwaka 1970 na kukitia sokoni mwaka uliofuata. Kwa hiyo chungu kilichozaliwa na katazo la moto kimekuja kukaa katika mji unaojaribu kujitenga na makaa, kikila umeme ambao tangu mwaka 2016 sehemu yake hutoka katika gesi iliyovutwa kutoka vilindi vya Ziwa Kivu.

Kitabu cha shule cha mwenyeji wangu kilisema saa mbili jikoni. Yeye huhesabu saa nne na nusu, na ana haki, kwa sababu chungu cha umeme husita kabla ya kuchemka sana, na fauka ya hayo Kigali imeinuka zaidi ya mita 1,500 juu ya bahari, ambako maji huchemka kwa nyuzi 95 hivi, kwa hiyo mvuke wake ni mpole kuliko mvuke wa Mombasa. Mapishi yaliyoandikwa kando ya bahari yakipandishwa mlimani bila kuongezwa muda huleta pudini iliyoiva pembezoni na kuwa uji moyoni.

Saa saba na robo umeme ulikatika. Binti yake, msichana wa miaka kumi na mitano, alikimbilia kifuniko ili atazame hasara, na mama yake akamshika mkono kabla hajafika. "Acha, mwanangu. Ukifunua umeiua." Akaingia ndani, akatoka na kitenge na blanketi la mtoto, akakivika chungu kitenge mara mbili, akakizungushia blanketi, akaweka juu ya kifuniko sinia, na juu ya sinia kinu cha mbao, kizito. Nilimwambia nimeona majani ya mgomba yakifungwa hivyo. "Mama yangu alifunika matoke kwa gunia," akasema, "mvua ilipozima moto." Tulikaa dakika arobaini jikoni, hapana sauti isipokuwa ya ndege wa ziwani, na udongo mzito ule, nilipougusa kwa kupenyeza kidole chini ya blanketi, ulikuwa bado hauwezi kushikwa.

Umeme uliporudi hakuondoa blanketi hata robo saa ikapita. Saa tisa na nusu alikata uzi, akaifunua karatasi iliyokuwa imevimba upindoni, akageuza bakuli juu ya sahani na kulipiga kofi. Pudini ikatoka, ya rangi ya asali, imebonyea kidogo upande mmoja, na kipande kama nusu ya kiganja kikabaki kimeganda chini ya bakuli. Alikikwangua kwa kijiko akanipa mimi, kwa kuwa, alisema, cha mkononi ndicho cha mgeni. Nacho kilikuwa kimeshika ndimu zaidi kuliko sehemu yote iliyobaki.